Pipi za Ngurumo

Machi 3

Leo daktari wa meno amemfunua mwanangu Bosi mdomo kwa kidole kimoja, akamulika kwa tochi ndogo, kisha akanyamaza. Nimekaa mbele ya wateja wa ushonaji miaka mingi, nakujua kunyamaza kwa mtu anayetafuta pa kuanzia. Na mimi hunyamaza hivyohivyo mzazi akifuata sare ambayo sijaikata hata kola. Nikamwambia, "Daktari, sema tu."

"Meno manne ya mbele, ya juu, yameanza kuoza. Unaiona hii mistari ya kahawia karibu na ufizi, mama?"

Niliiona. Nimekuwa nikiiona tangu mwaka uanze, nikidhani ni uchafu, nikawa naisugua.

Bosi ana miaka miwili na miezi minne. Si jina lake, lakini tangu alipojifunza kunyoosha kidole hajaacha kuamrisha watu, na jina likamganda. Leo Bosi alilia mpaka akatapika kwenye kanga yangu.

Daktari ameyapaka dawa. Amesema yatageuka meusi, nisishtuke, weusi ni wa dawa. Turudi mvua zikiisha, mwishoni mwa Mei. Kama uozo umesimama, meno yatabaki mpaka wakati wake wa kutoka. Kama umeendelea kuchimba, itabidi apewe dawa ya usingizi, yang'olewe yote kwa mpigo. "Na kwa umri huu, na kilo zake hizi," akasema, "usingizi huo siupendi sana." Hakueleza zaidi. Nimejielezea mwenyewe njia nzima ya kurudi nyumbani.

Masharti aliyonipa: hakuna pipi. Hakuna biskuti, soda wala juisi ya pakiti. Hakuna chupa ya maziwa yenye sukari kitandani. Kijiko chake kiwe chake peke yake, kwa sababu wadudu wa meno hupitia kwenye mate ya mkubwa wakahamia kwa mdogo. Kati ya mlo na mlo ale tunda, mboga, yai, mtindi usiotiwa kitu.

"Mchana anashinda na nani?"

"Na bibi yake. Mama wa mume wangu."

Daktari akazima tochi.

Machi 4

Nimemweleza mama mkwe asubuhi, kwa adabu zangu zote. Huyu mama alikuja kwetu kwa wiki mbili Bosi alipozaliwa. Wiki hizo mbili bado zinaendelea.

"Pipi?" akasema. "Mimi pipi nizitoe wapi?"

"Sijasema ni wewe, Mama."

"Umeniangalia."

"Nimwangalie nani mwingine, Mama? Humu ndani mchana mko wawili, na mmoja wenu hawezi kwenda dukani."

"Baba yake alikula sukari mpaka shuleni wakamwita Nyuki. Na leo meno hayo hayo anafungulia chupa."

Hilo ni kweli, nimelishuhudia siku ya harusi yangu mwenyewe. Nimempigia Nyuki wake, yuko njiani na lori, siku ya nne hii. "Mvumilie mama, mke wangu." Kazi ya kuvumilia sijui nani aliniandikia. Nilianza na cherehani ya kuazima kwenye veranda ya mtu, leo ninazo tano na mafundi watatu, na hakuna hata mmoja wa ukoo huo aliyewahi kuninunulia hata bobini. Lakini kuvumilia, hapo ndipo wananikumbuka.

Machi 9

Mvua ya kwanza. Oda za sare zimejaa hadi dirishani.

Machi 14

Mama mkwe alikwenda kuonyesha goti lake hospitali, nikaja na Bosi kazini. Nilimkalisha juu ya marobota ya kitambaa, mbali na mikasi. Kisanduku cha vifungo kiko juu ya msumari, mtu mzima mwenyewe hukifikia kwa kigoda. Hiyo ni sheria yangu tangu ananyonya, fundi akidondosha kifungo, cherehani zote husimama mpaka kipatikane.

Saa nane hivi radi ilipiga, bati likatetemeka. Redio akaangusha mkasi. (Redio ni fundi wangu wa kwanza. Hana kitufe cha kuzimia.) Nikageuka haraka nimdake mtoto kabla hajaanza kulia.

Hakulia. Alitazama juu, akafungua mdomo, akanyoosha kiganja.

"Pipi," akasema.

"Pipi ya nini, mama?"

"Ya ngulumo."

Redio alicheka mpaka akashika meza. "Mama Bosi! Mwanao ana mkataba na mawingu!"

Mimi nilimwaza bibi yake nyumbani. Mvua ndiyo kwanza zinaanza.

Machi 14, jioni

"Sasa nimwache alie mpaka azimie?" mama mkwe amesema. "Anaogopa ngurumo. Nampa kidogo, anatulia. Na simpi nzima, mimi si mjinga. Naikata kwa meno, nampa nusu."

"Kwa meno, Mama?"

"Ulitaka niikate kwa panga?"

Hapo nikasema neno ambalo sikulipima. Nilisema, "Mama, mdomo wako usiguse tena chakula cha mwanangu."

Aliinuka na goti lake, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole sana. Angeubamiza ningelala vizuri zaidi.

Machi 21

Ngurumo asubuhi, ngurumo mchana. Kila ikipiga namwona Bosi anafungua mdomo. Pipi moja ni kama kijiko cha chai cha sukari, kwa hiyo nusu ni nusu kijiko; zidisha kwa siku kama ya leo, halafu zidisha kwa mvua zilizobaki. Leo nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Sijafanya kosa hilo tangu nikiwa mwanafunzi.

Machi 22

Nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto.

Aprili 2

Nilikuwa natandika kitanda cha mama mkwe, nikakuta karatasi za pipi chini ya godoro, zimekunjwakunjwa ndogo kama za mtoto anayejificha. Nyekundu na za kijani. Nilizirudisha nilipozikuta. Sijui kwa nini nimezirudisha. Nadhani niliogopa kwamba nikizitoa nitasema tena neno, na safari hii atarudi kwao, nami nibaki bila mtu wa kumwachia mtoto.

Meno ni meusi kama daktari alivyosema. Namulika kila jioni. Shida ni kwamba uozo nao ni mweusi. Siwezi kujua ni kipi ninachokitazama.

Aprili 3

Nimepata dawa yake. Siwezi kuzuia ngurumo, lakini naweza kubadilisha kinachofuata baada ya ngurumo.

Nimenunua kopo la kijani lenye mfuniko. Alfajiri nimemenya karoti, nimekata duara duara, unene mmoja, saizi moja, kama ninavyokata kitambaa. Nikaongeza zabibu mbichi, zinang'aa zenyewe kama pipi. Ukilifungua lile kopo unafurahi mwenyewe.

"Ngurumo ikipiga, Mama, mpe moja ya hizi. Nzima kama ilivyo. Usiing'ate."

Alichukua kiduara cha karoti, akakigonga kwenye meza. Kikalia ko.

"Kigumu hiki. Ana magego mangapi huyu?"

"Daktari amesema mboga."

"Alisema mbichi?"

"Mama."

Akakirudisha kwenye kopo. "Haya. Nimekusikia. Nitafanya ulivyosema."

Redio aliposikia habari hiyo alisema mtoto ataota masikio ya sungura. Mwache aseme. Nimeshona siku nzima bila kufumua hata mshono mmoja.

Aprili 5

Ngurumo mbili. Jioni nimekuta kopo tupu.

Aprili 8

Mvua kutwa. Kopo tupu. Chini ya godoro hakuna karatasi mpya. Nimeanza kuwaza kwamba labda nilimwonea.

Aprili 12

Maji yameingia chumba cha kushonea mpaka kwenye pedali. Umeme umekatwa mtaa mzima. Kesho nafanyia kazi nyumbani, sindano ya mkono.

Aprili 13

Sijui niandike vipi. Lakini nisipoandika nitarudia kuiona mpaka asubuhi.

Nilikuwa sebuleni napinda sketi. Mama mkwe kwenye kochi, Bosi anazunguka meza, kopo katikati. Mvua ilikuwa kubwa lakini ya kawaida. Ikapiga moja ndogo. Mama mkwe akafungua kopo, akatoa kiduara cha karoti, akampa. Nilimwona anampa. Nilijisikia vizuri, hilo ndilo linaloniuma, nilijisikia vizuri nikachoma sindano.

Bosi alikuwa nacho mdomoni, anakizungusha shavuni huku anatembea, ndipo ikapiga ile kubwa. Nyumba iliruka. Vyombo vililia jikoni. Bosi alishtuka, akavuta pumzi kwa nguvu kama anayetaka kulia.

Nikasubiri kilio.

Kilio hakikuja.

Nilipoinua uso alikuwa amesimama, mdomo wazi, macho yamemtoka, mikono ameinyoosha kwangu, na hakuna sauti. Hata ya kukohoa. Mvua ilikuwa inapiga kelele na mwanangu alikuwa kimya kabisa. Midomo ilianza kubadilika rangi mbele yangu.

Mimi ambaye kila kitu nakipima kabla, nilibaki na sketi mkononi.

"Amepaliwa!" Mama mkwe ndiye aliyeruka, na goti lile lile. Alimnyakua, akanijia. Nikataka kumtia kidole kooni, akanisukuma mkono. "Utakizamisha! Piga mgongo!" Akakaa, akamlaza kifudifudi mapajani pake, kichwa kimeelekea chini, akamshika kidevu. "Hapa, katikati ya mabega! Piga!"

Nikapiga.

"Unafuta vumbi? Piga, mwanamke! Piga!"

Nilimpiga mwanangu mgongoni kwa kisigino cha kiganja, mkono huu unaokata kitambaa safu nane kwa mara moja. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Mgongo wake ni mdogo, kiganja changu kinaufunika. Nilisikia mama mkwe anasema, "Njoo, Bosi, njoo, mama, amrisha, amrisha," na mimi nikapiga, na kitu kikadondoka sakafuni, kikabingirika mpaka mguu wa meza.

Halafu akalia. Sauti mbaya, ya kukwaruza, na katika maisha yangu sijasikia kitu kizuri kama kile.

Kiduara kilikuwa kizima. Hakina hata alama ya jino.

Radi ikapiga tena. Bosi hakuijali, alikuwa na kilio chake. Lakini mama mkwe alijikunja, akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akafumba macho, na midomo yake ikawa inatafuna, inatafuna, na ndani hamna kitu.

Nilimtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemtazama mama huyu bila kumhesabia makosa.

"Mama," nikasema. "Kumbe ni wewe."

"Tangu msichana," akasema, macho bado amefumba. "Nikiweka kitu mdomoni, moyo unatulia. Sasa niko na mtoto, ananiangalia natafuna. Nisimpe? Bosi haogopi. Bosi hajawahi kuogopa. Mimi ndiye naogopa, mwanangu."

Tulikwenda zahanati kwenye mvua, watatu, mtoto mgongoni kwangu na mama mkwe ameshika mwavuli juu yake peke yake, sisi tukalowa. Muuguzi alimsikiliza kifua pande zote mbili. Kiko wazi. Kisha akaniuliza alikuwa anakula nini, nikamwambia.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema mboga ni nzuri, umeamua vizuri kuacha pipi, ila koo la mtoto huyu halizidi upana wa kidole chake kidogo, na kitu cha duara kinaliziba kama kizibo. Karoti ipikwe ilainike, ikatwe vipande virefu vyembamba. Zabibu moja igawanywe mara nne kwa urefu. Karanga nzima asubiri mpaka atimize miaka mitano. Na ale amekaa, mtu mzima akimtazama, asile akitembea, akilia wala akicheka.

Mama mkwe alikuwa anaitikia kwa kichwa. Hakusema, "Nilimwambia." Alikuwa na haki zote za kusema, na mtu wa kumsikiliza alikuwepo.

Mume wangu alipiga simu jioni. Mama mkwe aliiwahi. "Sote wazima," akamwambia. "Ni mvua tu."

Aprili 14

Sikulala, nilikuwa nasikiliza pumzi.

Asubuhi nilikitafuta kile kiduara chini ya meza, nikakipima kwa futi. Sentimita mbili na nusu. Kifungo cha koti.

Mimi ambaye kifungo kikianguka nasimamisha cherehani tano. Kila alfajiri nilikata mwenyewe kopo zima la vifungo, nikafunga mfuniko, nikamwambia mama wa watu ampe mtoto, kizima kama kilivyo. Na yeye akafanya nilivyosema. Kama angekaidi kama nilivyozoea kumlalamikia, kama angeking'ata kwanza kwa yale meno yake niliyoyakataza, nisingeandika haya.

Aprili 17

Nimeingia jikoni nikamkuta mama mkwe anachemsha karoti. Akatoa kipande, akakibonyeza kati ya vidole viwili mpaka kikapondeka.

"Kikipondeka hapa, kitapondeka kwenye ufizi," akasema. "Njoo ukate wewe, mkono wako ndio umenyooka. Lakini virefu."

Nikakata. Virefu.

"Samahani, Mama. Kwa lile neno."

"Neno gani? Mmeniambia maneno mengi humu ndani, taja."

"La mdomo."

Akageuza karoti kwenye sufuria. "Daktari alisema mate, nilikusikia ukimweleza mumeo kwenye simu. Ungeniambia mate, ningeelewa. Wewe uliniambia mdomo."

Nikaendelea kukata. Baadaye nikamuuliza, "Na pipi zako je?"

"Zangu nitakula chooni, mlango nimefunga komeo. Mtoto asinione."

Tulicheka mpaka Bosi akaja kutuamrisha tunyamaze.

Aprili 26

Mvua. Papai lililoiva, vipande vyembamba. Bosi amekaa kwenye kiti chake, mama mkwe mbele yake, mimi kazini.

Mei 6

Kipande kidogo cha jino kimemeguka. Bosi amekiita "mchanga", akanipa mkononi. Nimekifunga kwenye kitambaa. Nadhani ndiyo yameanza. Nadhani zile pipi za Machi zilikuwa nyingi kuliko hesabu yangu, au mimi nilichelewa. Usiku hata karoti zinanijia ndotoni, za duara.

Mama mkwe amekitazama kile kipande kwa muda mrefu. "Akipewa hiyo dawa ya usingizi," akauliza, "nitaruhusiwa kukaa naye?"

"Nitawaambia, Mama."

"Waambie mimi ndiye namjua akiamka."

Mei 7

Ngurumo.

Mei 15

Ngurumo. Redio amenikuta nimesimama mlangoni natazama upande wa nyumbani. Hakusema kitu. Redio, hakusema kitu! Alikaa kwenye cherehani yangu, akamalizia kola zangu.

Mei 28

Tulikwenda watatu. Daktari alimulika, akagusagusa kila jino kwa kichuma chake chembamba. Mama mkwe akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa unanata. Alikuwa ametoka chooni muda si mrefu.

"Matatu yamesimama," daktari akasema. "Magumu kama jiwe. Mmefanya kazi. Hili lililomeguka limekwenda mbali, lazima litoke. Lakini ni moja, na linacheza. Sindano ya ganzi inatosha, hakuna haja ya usingizi."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mama mkwe alimpakata, mimi nikashika miguu. Bosi alitutukana sote kwa matusi yake ya miaka miwili na nusu, daktari akaitwa mbuzi. Kisha likatoka, dogo, jeusi, halizidi punje ya mchele. Nililitazama kwenye pamba. Kitu kidogo hivyo, na nilikuwa nakiogopa tangu mvua zianze.

Daktari aliuliza kati ya milo anakula nini. Nilitaka kujibu. Nikamwachia mama mkwe ajibu.

Mei 31

Tulidhani mvua zimekwisha. Leo jioni mawingu yamerudi, nadhani kuaga.

Tulikuwa mezani. Bosi kwenye kiti chake na pengo lake, papai kwenye sahani. Ikapiga. Si kubwa, lakini mama mkwe alifumba macho, midomo ikaanza. Mimi nami nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, namtazama mtoto koo, kama ninavyofanya sasa kila mbingu zikikohoa. Sidhani kama nitaacha.

Bosi alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama msimamizi. Akachukua kipande cha papai, akanyoosha mkono hadi kwa bibi yake. "Fungua." Bibi akafungua, akapewa. Kisha akachukua kingine, akanigeukia mimi.

"Mama. Kaa kwanza."

Nikakaa.

"Fungua."

Nikafungua. Lilikuwa limeiva, halikuhitaji meno. Nililila polepole, nimekaa, sitembei, sisemi, na mtu ananitazama.